Ping inajibu, kanzidata imekufa: kisa cha ufuatiliaji wa mbali kwenye SACCOS moja

Kisa hiki kimetoka kwenye kazi yangu mwenyewe. Jina la chama, mkoa na majina ya watu nimeyaondoa, na namba za ukubwa nimezizungusha kidogo, ila uwiano wake ni ule ule. Mpangilio wa matukio sikuugusa, hata pale panaponiaibisha.

Hali ilivyokuwa

Ni SACCOS ya watumishi, yenye makao makuu kwenye mkoa wa bara na matawi kadhaa wilayani. Akiba, mikopo na hisa za wanachama zote zimo kwenye kanzidata moja ya PostgreSQL 12, juu ya mfumo endeshi wa Debian, ndani ya seva iliyowekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mhasibu. Tawi moja lilikuwa na seva ya pili iliyopokea nakala ya kila badiliko papo hapo. Hiyo ndiyo tuliyoiita seva ya akiba.

Mimi niko Dar es Salaam. Mkataba wetu ulikuwa wa "ukipata shida, piga". Pale makao makuu alikuwepo afisa TEHAMA mmoja, binti makini aliyepokea kijiti kutoka kwa mtangulizi aliyeondoka Oktoba 2023. Makabidhiano yao yalikuwa karatasi moja ya nywila na kikombe cha chai.

Ufuatiliaji ulikuwepo, tena wa aina mbili. Wa kwanza ni ukurasa wa wavuti uliopiga ping, yaani kuiita seva kwenye mtandao na kungoja iitikie, kila baada ya dakika tano na kuonyesha duara la kijani seva ikijibu. Meneja aliupenda sana ukurasa huo, aliuweka hadi kwenye simu yake. Wa pili ni skripti ya mtangulizi, iliyoendeshwa kila saa na cron, kipanga ratiba cha seva: diski ikivuka asilimia 90, itume barua pepe.

Siku yenyewe

Alhamisi moja mwishoni mwa Januari 2024, siku mishahara imeingia na foleni ya wanachama imetoka hadi barazani, mfumo ulisimama saa 3:40 asubuhi. Simu ilinifikia saa 4:15. Sikuwa na njia yoyote ya kuingia kwenye ile seva nikiwa Dar. Kazi zote za nyuma tulizifanya mimi nikienda au yeye akinisomea skrini. Basi akanisomea.

Mstari wa mwisho kwenye logi ya PostgreSQL ulikuwa na neno PANIC, na baada yake "No space left on device". Kila alipojaribu kuiwasha, ilianza kujirejesha, ikakosa nafasi, ikazima tena. Nikamwambia atafute kilichokula diski. Baada ya dakika mbili akarudi.

"Kaka, nimeiona. Kuna folda imejaa vifaili, vina majina ya namba namba tu. Viko zaidi ya elfu nane. Vya zamani nivifute?"

"Usiguse kitu, mdogo wangu. Toa mikono kwenye kibodi kwanza."

Folda hiyo ilikuwa pg_wal. Humo ndimo PostgreSQL huandika kila badiliko kabla ya kuligusa jedwali lenyewe, katika faili za megabaiti 16 kila moja. Ukizifuta kwa mkono unaweza kuifanya kanzidata isiamke tena, au iamke ikiwa na hesabu zisizolingana. Kosa hili ni la kale: hadi toleo la 9.6 folda hiyo iliitwa pg_xlog, na watu wakaifuta wakidhani ni logi za kawaida, kiasi kwamba kwenye toleo la 10, mwaka 2017, ilibadilishwa jina. Binti hakuwa mjinga. Diski imejaa, wanachama wanapiga kelele barazani, na mbele yake kuna kitu kinachofanana kabisa na takataka.

Hesabu ilikuwa hivi. Diski ya data ni gigabaiti 200. Kanzidata yenyewe ilikuwa kama 58, logi za kawaida 4, na pg_wal 128. Jumla 190. Gigabaiti 10 zilizobaki hazikuwa za mtu: mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, peke yake, na PostgreSQL haiendeshwi na root. Akiba hiyo ndiyo iliyotuokoa. Nilimwandikisha herufi kwa herufi:

tune2fs -m 1 /dev/sdb1

Akiba ikashuka kutoka asilimia 5 hadi 1, na gigabaiti 8 zikaachiwa bila kufuta hata faili moja. PostgreSQL ikawaka. Ikahitaji dakika chache kujirejesha, kisha nikamwomba aulize sloti, yaani kumbukumbu ambazo seva kuu huwawekea wanaopokea nakala zake:

SELECT slot_name, active, restart_lsn FROM pg_replication_slots;

Mstari mmoja ukatokea. Kwenye safu ya active akasoma "f", yaani hakuna anayeitumia. Hapo nikanyamaza kidogo, kwa sababu nilishajua ni kosa la nani.

Usiku wa mkesha wa Krismasi radi ilipiga kule tawini na seva ya akiba ikaungua. Afisa alifanya alichopaswa: akaichomoa, akaipeleka kwa fundi, akanitumia ujumbe, "Seva ya tawi imeungua, wamesema nyingine itaagizwa Januari." Nikajibu, "Pole, sawa." Nilichopaswa kujibu ni kwamba kwenye seva kuu kuna sloti yenye jina la hiyo iliyoungua, na lazima ifutwe. Sloti ni kama mwenye duka aliyeahidi kumwekea mteja magazeti yake yote hadi arudi kuyachukua. Mteja amehama mji. Mwenye duka hajaambiwa, anaendelea kupanga magazeti, hadi siku moja mlango haufunguki. Kwa gigabaiti 4 kwa siku, ilichukua siku 32.

Tukaifuta sloti kwa pg_drop_replication_slot, tukaamuru CHECKPOINT, na vifaili elfu nane vikaanza kutoweka vyenyewe. Saa 6:50 mchana dirisha la kwanza la malipo lilifunguliwa. Kwa saa tatu na dakika kumi duara la meneja lilibaki la kijani, na haki yake, kwani seva ilikuwa ikijibu ping vizuri kabisa.

Na ile skripti? Ilifanya kazi yake barabara. Diski ilivuka asilimia 90 siku nne na zaidi kabla ya ajali, na kila saa skripti ikatuma barua kwa mtangulizi, ambaye akaunti yake ilishafungwa. Barua zikarudi kwenye sanduku la root pale pale kwenye seva. Nilizikuta jioni ile, zaidi ya 110, zote na kichwa kile kile, hakuna iliyofunguliwa.

Maamuzi, na sababu zake

Meneja aliniita wiki iliyofuata. Swali lake lilikuwa la haki: "Kwa nini tulipie kingine wakati cha kijani tunacho?" Nilimjibu kwamba cha kijani kinaangalia kama nyumba ina umeme, si kama waliomo ndani ni wazima. Akakubali bajeti ndogo: seva ya kukodi nje ya nchi, kompyuta moja iliyotumika, modemu ya USB na laini ya simu.

Njia ya kuingia ndiyo iliyonichukua muda. Intaneti ya pale haina anwani ya umma. Inapita nyuma ya ruta ya mtoa huduma pamoja na wateja wengine, hivyo huwezi kuifuata kutoka nje. Fundi mmoja wa mtandao alipendekeza tuombe anwani ya umma na kufungua mlango wa 5432. Nilikataa katakata. Mlango wa kanzidata ya fedha za watu haufunguliwi kwa dunia nzima ili mimi nione grafu. Tulitumia WireGuard, handaki la mtandao lililofungwa kwa usimbaji, na seva ya SACCOS ndiyo inayotoka kwenda nje kupitia UDP 51820, ikituma alama ndogo kila sekunde 25 ili ruta isisahau kwamba kuna mazungumzo yanaendelea. Bila mpangilio huo wa sekunde 25, handaki lilikufa kimya baada ya muda mfupi wa kutotumika, na nikapoteza siku nzima nikilaumu fayawoli.

Ndani ya handaki nikaweka Prometheus, programu ya kukusanya vipimo na kupiga kengele, kwenye seva ya kukodi, ikichota vipimo kutoka kwa node_exporter upande wa mashine na postgres_exporter upande wa kanzidata, na Grafana ya kuchora grafu juu yake kwa ajili ya macho. Mwanzo nilichota kila sekunde 15, kama mifano mingi ya mtandaoni inavyoelekeza. Laini ile ile ndiyo inayobeba miamala ya matawi. Nikashusha hadi sekunde 60, na sijawahi kujuta. Ajali yetu ilichukua siku 32 kuiva.

Mtumiaji wa ufuatiliaji nilimpa cheo cha pg_monitor tu, kilichopo tangu toleo la 10, pamoja na kikomo cha miunganisho mitatu. Nimeona kwingine watu wakiweka nywila ya postgres mwenyewe ndani ya faili la exporter "ili isisumbue". Hata hivyo pg_monitor nayo si ya kuichezea: inasoma maulizo yanayoendelea kwenye pg_stat_activity, na maulizo hayo yanabeba namba za wanachama na viwango vya fedha kama vilivyoandikwa. Kwa kuwa vipimo vilikuwa vinakwenda nje ya nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, niliamua kuwa maandishi ya maulizo hayatoki nje ya jengo. Zinatoka namba: mingapi, kwa muda gani, ukubwa gani. Nikitaka kusoma ulizo lenyewe, naingia kwenye seva kupitia handaki na kulisoma humo humo.

Kengele nilizigawa makundi mawili, "amsha" na "subiri asubuhi". Kundi la kuamsha lilikuwa na sheria tano tu. Ya kwanza kabisa ilikuwa sloti, kwa hesabu hii:

SELECT slot_name, active, pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn) FROM pg_replication_slots;

Kinachohifadhiwa kwa ajili ya sloti kikizidi gigabaiti 5, simu inalia. Nyingine ni diski, kwa predict_linear, inayochukua mwendo wa saa 12 zilizopita na kukadiria kama nafasi itaisha ndani ya siku nne, bekapu ya mwisho kuwa na umri wa zaidi ya saa 26, kanzidata kutojibu, na jaribio la kuandika, yaani mstari mmoja kwenye jedwali dogo kila dakika, kwa sababu kanzidata inaweza kusomeka vizuri huku ikiwa imekataa kuandika. Mengine yote, ikiwemo idadi ya miunganisho na umri wa namba za miamala kabla autovacuum, msafishaji wa ndani wa PostgreSQL, haijalazimika kuingilia kwenye milioni 200, yanasubiri asubuhi.

Barua pepe niliifuta kabisa kwenye kundi la kuamsha. Ujumbe unakwenda Telegram kwa mimi na afisa, na SMS kupitia modemu ya USB iliyochomekwa kwenye ile kompyuta iliyotumika, ndani ya jengo. Sababu ya modemu: intaneti ikikatika, mnara wa simu kwa kawaida bado upo.

Vilivyotunyamazia

Hapa ndipo kisa kilipo, maana kila kimoja kati ya hivi kilipita huku Grafana ikiwa nzuri ya kupigia picha.

Aprili umeme ulikatika usiku, UPS ikaisha, seva ikazima na kuwaka tena yenyewe ulipoanza kukucha. Asubuhi nikafungua grafu nikakuta pengo la saa tano bila kengele hata moja. Nilikuwa nimeiamuru postgres_exporter isikilize kwenye anwani ya WireGuard peke yake. Mashine ilipowaka, exporter ilitangulia handaki, ikatafuta anwani ambayo haijazaliwa, ikafa. Hilo ni kosa la mpangilio, na lilitibika kwa mstari mmoja kwenye systemd, kinachowasha huduma za seva, wa kuilazimisha isubiri wg-quick, kinachowasha handaki. Kosa lililoniuma ni la pili. Sheria yangu ya "kanzidata haijibu" iliandikwa pg_up == 0, pg_up ikiwa kipimo ambacho exporter hutoa kusema kama kanzidata inajibu. Exporter ikifa, pg_up haiwi sifuri, inatoweka. Prometheus inauliza, "Kuna pg_up yoyote iliyo sawa na sifuri?" Hakuna pg_up kabisa, hivyo jibu ni hapana, na hapana maana yake ni salama. Nilipaswa kuandika pia up == 0, ambayo Prometheus huitengeneza yenyewe kila inaposhindwa kumfikia anayechotwa, na absent() kwa vipimo ambavyo kukosekana kwake ni tatizo tosha.

Nilikuwa nimerudia kosa la duara la kijani kwa lugha ya kitaalamu zaidi.

Kisha ikaja Jumapili ya Mei 12, 2024, siku nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mawasiliano ya kimataifa yakayumba Tanzania na kwa majirani. Kwa Prometheus iliyokaa Ulaya, SACCOS nzima ilikuwa imetoweka duniani. Kengele ya kuamsha ikaanza kuhangaika. Ujumbe wa Telegram ulinifikia kwa kusuasua, mmoja baada ya robo saa. Nikampigia mlinzi.

"Mzee wangu, shikamoo. Hebu nichungulie dirisha la nyuma, kile chumba cha mashine."

"Marahaba. Taa zinawakawaka, na feni lake linaunguruma kama kawaida. Kuna nini?"

Hapakuwa na kitu. Jumatatu ofisi zilifunguliwa na matawi yakafanya kazi, kwa kuwa data yao inasafiri ndani ya nchi tu. Mimi ndiye niliyekuwa kipofu, tena kipofu anayepiga kelele kwamba wengine hawaonekani. Kama diski ingejaa siku zile, hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimemweka mlinzi ng'ambo ya bahari na kumtaka alinde nyumba ya bara.

Kimya cha tatu kilikuwa cha aibu zaidi na cha bei rahisi zaidi. Juni nilijaribu kwa makusudi kengele ya diski. Telegram ikafika, SMS haikufika. Modemu nzima, laini nzima, mnara upo. Salio limeisha. Kifurushi cha SMS kilikuwa cha mwezi mmoja, nilikinunua Machi nikasahau. Kwa wiki kadhaa njia yetu ya dharura ilikuwa pambo la plastiki lenye taa ya bluu.

Tulivyorekebisha

Prometheus inayotoa hukumu ilihamia ndani ya jengo, kwenye ile kompyuta iliyotumika, pamoja na Alertmanager yake, inayosambaza kengele. Ile ya Ulaya ikabaki kupokea nakala za vipimo kwa remote_write. Intaneti ikikatika kwa muda, ya ndani hushikilia vipimo na kuvituma ikirudi. Ikizidi takriban saa mbili, vinavyozidi hapo havifiki nje, ila hukumu na SMS haviathiriki. Grafu yenye pengo naivumilia.

Pia tuliweka kengele inayolia muda wote, vector(1), ambayo kazi yake ni kutolala. Inatumwa kila dakika chache kwa huduma ya nje, na huduma hiyo hunipigia simu pale tu inapoacha kuisikia. Kwa maana nyingine, mimi huamshwa na kimya. Jaribio la kuifikia seva linafanywa sasa kutoka Ulaya na kutoka mashine moja iliyopo Dar. Zote mbili zikishindwa, ni "amsha". Ulaya peke yake ikishindwa, ni "subiri asubuhi", na ujumbe unasema waziwazi kwamba huenda ni njia ya kimataifa.

Kuhusu salio, kila Jumatatu saa 2 asubuhi modemu hutuma SMS ya neno moja, "Mzima", kwa watu watatu. Isipofika, afisa ana kazi ya kuuliza kabla ya chai. Laini nayo tuliisajili upya kwa jina la chama. Mwanzo ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole vya karani mmoja, na siku anahama kituo tungeanza upya.

Matokeo

Julai seva mpya ya akiba ilikuwa tayari tawini. Mwezi uliofuata wachimba mtaro walikata nyaya za kule, na sloti ikaanza kuvimba. Kengele ya gigabaiti 5 ililia usiku wa siku ya pili. Tuliongea na afisa kwa dakika kumi, tukakubaliana kusubiri hadi 20, na kuifuta ikizidi hapo kisha kuijenga seva ya akiba upya. Mawasiliano yalirudi ikiwa 13. Sloti ikajimaliza yenyewe na hakuna mwanachama aliyejua kwamba kulikuwa na jambo.

Septemba tulihamia toleo la 16, kabla ya muda wa matengenezo wa toleo la 12 kwisha Novemba 2024. Kuanzia toleo la 13 kuna mpangilio wa max_slot_wal_keep_size unaoweka kikomo cha magazeti ambayo mwenye duka atayahifadhi. Tumeuweka gigabaiti 40. Angalizo kwa wanaodhani kuhama toleo kunatosha: thamani yake ya mwanzo ni -1, yaani bila kikomo, hivyo usipoiandika mwenyewe uko pale pale.

Kulikuwa na faida ambayo sikuitarajia. Kwa miaka watumiaji walilalamika kwamba "mfumo unaganda saa saba mchana", na kila mtu alilaumu intaneti. Grafu ya miamala iliyofunguliwa bila kufanya kitu ilipanda kila siku ya kazi kati ya saa 7:00 na 7:40, kama kilima. Nikaingia kusoma kilichopo. Skrini ya kupokea rejesho la mkopo, ikifunguliwa, hushika mstari wa namba ya stakabadhi inayofuata na kutouachia hadi karani abonyeze Hifadhi. Karani akiinuka kwenda kula na skrini iko wazi, wenzake wote wanasubiri wali wake uishe. Tuliweka idle_in_transaction_session_timeout, inayokata muamala uliokaa wazi bila kazi, ya dakika kumi. Watengenezaji wa mfumo walinung'unika, kisha wakaitengeneza skrini.

Uchambuzi

Kosa la Januari si la kiwango cha kengele. Nimepiga hesabu: sheria yangu ya predict_linear, kwa mwendo ule wa gigabaiti 4 kwa siku, ingelia siku nne kabla ya ajali. Skripti ya mtangulizi ililia siku nne na zaidi kabla. Kwa hiyo ufundi wangu wote wa diski haujaipita skripti ya mistari sita, isipokuwa kwa jambo moja, kwamba sasa kuna mtu upande wa pili. Ningeanza tena, ningetumia siku ya kwanza kuandika nani anapigiwa, nani anafuata asipopokea, na nani anakabidhiwa orodha hiyo mtu akiacha kazi. Prometheus ningeiweka siku ya pili.

Sheria ya sloti ndiyo iliyobadilisha mchezo, kwa kuwa inapima chanzo. Ingelia Desemba 26, karibu mwezi mzima kabla diski haijajaa, tukiwa na muda wa kunywa chai na kufikiri. Dalili kama diski hukupa siku. Chanzo kilikupa mwezi. Lakini ili uijue sheria hiyo ni lazima ujue jinsi kanzidata yako inavyokufa, na vibao vya Grafana vya kupakua tayari havikufundishi hilo. Changu cha kwanza kilikuwa na paneli kadhaa na hakuna hata moja ya sloti.

Kwamba kimya kinaweza kuwadanganya hata wakubwa, GitLab walikwishaandika wenyewe hadharani baada ya Januari 31, 2017, walipofuta kimakosa data ya kanzidata yao kuu ya PostgreSQL. Bekapu za pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala, zilikuwa zikishindwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo, na barua za kuwajulisha zilikuwa zikikataliwa njiani. Walipoteza takriban saa sita za data. Nilikuwa nimeisoma ripoti hiyo zamani, nikaisifu, na bado nikaandika pg_up == 0.

Uamuzi wa kuweka kila kitu nje ya nchi ulikuwa wa mazoea, si wa hesabu. Seva za Ulaya ni rahisi na ndizo tunazozijua. Sikujiuliza ni kitu gani kati ya mfuatiliaji na anayefuatiliwa kinaweza kuvunjika bila ya yeyote kati yao kuumwa. Kwa nchi ambayo intaneti yake ya nje inapita kwenye nyaya chache chini ya bahari, swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Nilichokifanya vizuri, naona, ni kubana idadi ya kengele za kuamsha. Kwa mwaka mzima afisa ameamshwa mara saba, na mara tano kulikuwa na jambo la kweli. Ndiyo maana bado anaamka. Kwenye ofisi nyingine niliyowahi kuisaidia simu ya zamu ililia mara nyingi kila usiku, hadi ikaishia kwenye droo ikiwa imefunikwa na shuka la meza.

Kilichobaki bila tiba ni bekapu. Kengele inapima umri wa faili, haipimi kama faili linarudisha data. Kwa sasa kila robo mwaka afisa analirejesha kwenye mashine ya majaribio na kulinganisha jumla ya akiba za wanachama na ripoti ya siku hiyo ya mhasibu. Mara ya mwisho zilitofautiana kwa shilingi 40,000. Alitafuta siku mbili na kukuta ni rejesho lililoingizwa saa moja usiku, baada ya ripoti kuchapwa lakini kabla ya bekapu. Ameandika saa hizo mbili kwenye daftari la makabidhiano, ukurasa wa kwanza, juu ya orodha ya namba za simu.